Mkono Ndani ya Gunia

Sikuiacha ile kazi. Nilifukuzwa.

Nimeandika sentensi hizo mbili, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi, na bado ziko hapo, kwa hiyo tuendelee. Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano nimewaambia watu kwamba nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikisubiri kuingia chuo kikuu, niliajiriwa kuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai kijijini kwetu, upande wa Roret, na kwamba baada ya wiki sita niliacha kwa hiari yangu ili nijiandae kwa masomo. Nimelisema hilo kwenye usaili wa kazi. Nimelisema kwa mume wangu kabla hajawa mume wangu. Mbaya zaidi, nimelisema mbele ya wanafunzi.

Maana mimi hualikwa. Mtu akishaandika makala kadhaa gazetini, akaanza kuvaa miwani na nywele zikaingia mvi kwa mpango, shule humwita aje kuwaeleza watoto namna ya kufaulu kazini. Nina hotuba yangu ya sifa saba. Ukiniuliza kwa nini ni saba, nitakujibu kwamba sita zilionekana chache na nane hazikuenea kwenye ukurasa. Sifa ya nne ni ujasiri, na mfano wangu wa ujasiri ulikuwa kile kituo: jinsi nilivyovua koti la karani, nikalitundika msumarini, nikafuata ndoto yangu. Wasichana hupiga makofi hapo. Mimi hunywa maji kidogo, nikasubiri watulie.

Sasa, ukweli. Karani wa majani kazi yake inaonekana ndogo. Wakulima wanafika mchana na magunia mgongoni, wanamwaga majani mezani, wanayachambua: majani mawili na chipukizi moja yanabaki, yaliyokomaa yanatupwa. Kisha yanarudi kwenye gunia na kupimwa, na lori linayapeleka kiwandani. Lakini kuna jambo moja ambalo macho hayalioni. Chai ikishindiliwa kwenye gunia kwa muda mrefu hujipasha joto yenyewe, kuanzia katikati, kama nyasi mbichi zilizorundikwa. Juu utaiona kijani na safi. Ndani imeshageuka rangi ya shaba. Na majani ya namna hiyo yakichanganywa na mengine ndani ya lori, yanayachoma nayo. Kwa hiyo kabla ya mizani, karani anatakiwa kutumbukiza mkono ndani ya gunia hadi kiwiko, autulize hapo, asikilize kama kuna joto.

Nilifundishwa hilo kwa siku mbili na nililielewa kwa dakika mbili. Shida haikuwa kuelewa. Shida ilikuwa foleni.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa senge wangu, yaani dada yake baba, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga na hakuwahi kuniacha nisahau. Nyuma yake alisimama mke wa mzee wa kanisa, aliyefunga na kuomba ili nipite mtihani. Nyuma yake, mama wa mwalimu wangu. Kutumbukiza mkono hadi kiwiko ndani ya gunia la mtu kama huyo, mbele ya watu, ni kumwambia: pengine unadanganya. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa hivyo. Basi niligusa juu juu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu maji ya kumwogesha mtoto, nikasema sawa, nikapima. Walinisifu sana. Walisema msichana huyu amesoma lakini bado ana heshima. Nilirudi nyumbani kila jioni nikiamini kwamba nimezaliwa kwa kazi ya watu.

Katika wiki ya sita mvua ilinyesha mapema, lori likawahi kuondoka, na mama yangu akabaki na majani ambayo hayakupimwa. Kila mtu hapa anajua la kufanya katika hali hiyo: unayatandaza sakafuni yapoe, hata kama itabidi watu walale jikoni. Siku hiyo mama alikuwa na kifua. Aliyaacha ndani ya gunia la mbolea, lile la nailoni, kando ya mlango. Asubuhi niliruka gunia hilo nikienda kazini. Nakumbuka nililiruka, kwa sababu niliinua sketi.

Mchana mama alifika kituoni na gunia moja, majani ya jana chini, ya leo juu. Sidhani alikusudia kumhadaa mtu. Alikuwa amechoka, akajaza. Alisimama mbele yangu, akanitazama, nami nikamtazama, kisha nikaweka vidole vyangu juu ya majani yale ya kijani na kupima.

Kiwanda kilikataa lori zima. Kazi ya siku nzima ya kituo kizima ilimwagwa. Ukitaka kujua maana yake, fikiria wanawake arubaini waliochuma tangu umande, migongo imepinda, na jioni wanaambiwa kwamba siku hiyo haikuwapo.

Kesho yake afisa wa majani alikuja mwenyewe, mtu mwembamba asiyependa maneno. Aliwapanga wakulima kwenye mstari, akauliza ni nani jana alileta majani yaliyochumwa juzi. Kisha mama yangu akainua mkono, akasema yalikuwa yake.

Afisa akanigeukia. Aliniuliza kama niliweka mkono ndani ya gunia lile. Nikasema niliweka. Nilisema kwa Kiswahili sanifu, kwa sauti iliyokuwa imenipatia alama nzuri katika mitihani ya kuzungumza.

Akamwuliza mama yangu: "Aliweka?"

Mama alinitazama kwa muda. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumshukuru moyoni.

"Aliweka vidole," akasema.

Afisa aliniambia nivue koti. Kwa hiyo sehemu hiyo ya hotuba yangu ni kweli: koti nililivua. Na msumari ulikuwepo.

Jumatatu yake koti lile lilikuwa limevaliwa na mtu mwingine. Alikuwa mke mpya wa jirani yetu, Mgusii kutoka ng'ambo ya Chepilat, hajamaliza miezi minne katika boma hilo. Alikuwa amesoma hadi kidato cha pili. Kikipsigis chake, yaani lugha yetu, kilikuwa cha kuokoteza, na watu walimwomba arudie maneno ili wacheke tena. Mikono ya koti ilikuwa mirefu mno kwake. Aliikunja mpaka juu ya viwiko, na nakumbuka nilidhani hajui kuvaa.

Nilikwenda kutazama. Nilisimama nyuma ya ua wa kituo, mahali ambapo niliamini sionekani, nikiwa na furaha ya mtu anayesubiri mwenzake ateleze palepale alipoteleza yeye. Na Mungu alionekana kuwa upande wangu, kwa sababu wa tatu kwenye foleni alikuwa mama mkwe wake.

Mnajua jambo hilo lilivyo. Bibi harusi wa miezi minne bado hula akiwa amegeuza uso. Mama mkwe akikohoa, yeye anasimama. Na sasa mama huyo ameweka gunia mezani, na watu wote wameacha mazungumzo.

Karani mpya akatumbukiza mkono. Hadi kiwiko, na kupita kiwiko. Akautuliza. Niliona uso wake ukibadilika kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Alinyoosha mkono wake wa pili, akaushika mkono wa mama mkwe taratibu, akauingiza ndani ya gunia kando ya wake. Wakasimama hivyo wawili, mikono imezama kwenye gunia moja, nyuso karibu, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ibada.

"Mama, unasikia nini?"

"Joto," yule mama akasema.

"Hata mimi nasikia joto."

Basi, ni hayo tu. Akazunguka meza, akamwaga majani, akayachambua pamoja naye. Yale ya juu yalikuwa mazuri, akayapima. Yaliyobaki akayarudisha guniani, akaliweka kando. Lori lilipoondoka, alilibeba gunia hilo mwenyewe mgongoni, akamfuata mama mkwe wake kwenda nyumbani. Niliwaona wakipanda kilima, mkubwa mbele, mdogo nyuma na majani yaliyokataliwa, kwenda kumpikia mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemkatalia.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba ndoa ile imekwisha. Kesho yake mama mkwe alikuja na gunia lililopoa, akasimama kwenye foleni, na zamu yake ilipofika, kabla hajaulizwa, akakunja mkono wa sweta yake mwenyewe.

Baada ya mwezi mmoja wakulima wote walikuwa wakifanya hivyo. Mimi nilikuwa nimeshaenda chuo kikuu kusomea mambo makubwa.

Singependa mfikiri kwamba niliyaacha yale kijijini. Niliyabeba. Nilikuwa mhariri huko Nairobi kwa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo sikuwahi kuukataa mswada wa mtu niliyemfahamu. Nilisoma kurasa tatu za mwanzo, nikasifu jalada. Vitabu vikatoka, vikapoa dukani, na waandishi wakaja kuniuliza kwa nini sikuwaambia. Wengine hawajanisalimia tangu hapo. Mhariri anayeweka vidole hawezi kusema kwamba ana heshima. Anaogopa tu kuchukiwa kabla ya chakula cha mchana. Lakini hilo halikuwa kwenye hotuba.

Mwaka juzi nilirudi kujenga karibu na mama, ambaye sasa amezeeka na anakataa kukiri. Yule karani aliyevaa koti langu bado alikuwa kituoni. Mizani sasa ni ya umeme na uzito unaingia kwenye simu ya mkulima kabla hajafika nyumbani, lakini mkono bado ni mkono. Wake umekuwa mweusi kwa utomvu wa chai hadi kiwikoni, hautakati hata kwa sabuni ya Jumapili. Si malaika. Ni mbishi, anachelewa mikutano yote isiyohusu majani, na hula mahindi ya kuchoma kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa ndani ya gunia la mtu.

Siku moja alikuja kwangu akiwa amevaa viatu vya kanisani, nikajua kuna jambo. Kituo chetu kilikuwa kinaunganishwa na cha jirani, na makarani wangepunguzwa. Mkataba wake ungeisha mwisho wa msimu na asingepewa mwingine. Lakini kiwanda kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwafundisha makarani wapya. Tangazo lilitaka stashahada. Yeye alikuwa na kidato cha pili na mikono miwili. Vijana wenye vyeti walikuwa wameshapeleka maombi. Alitaka barua kutoka kwa mtu anayejulikana, na kati ya watu aliowajua, mimi ndiye niliyekuwa nimetoka gazetini.

Niliandika jioni hiyohiyo, kurasa mbili. Zote saba nilizitia: uadilifu, mawasiliano, uongozi, ustahimilivu, sikumbuki nyingine. Kesho yake alikuja, akaketi mezani pangu, akavaa miwani, akasoma yote huku kidole kikifuata mstari. Alipomaliza alikunywa chai kwanza.

"Barua ni tamu, mwalimu," akasema. Huniita mwalimu ingawa sijawahi kufundisha, na sijawahi kuwa na hakika kama ni sifa. "Lakini huyu mtu akikuja kituoni leo, mimi sitamjua."

Nikamwambia barua za kazi huandikwa hivyo.

"Andika vile uliona ile siku ya gunia la mama mkwe. Ulikuwa umesimama nyuma ya ua."

Miaka yote nilidhani hakuniona.

Akaikunja barua, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa upole uleule aliotumia kuwarudishia wanawake wa kijiji hiki majani yao. "Na uandike pia kwa nini waliniita mimi," akasema.

Nilimjibu kwamba nitaangalia. Hilo ni neno ambalo watu waliosoma hulitumia badala ya hapana.

Siku tatu sikuandika. Nilijiambia kwamba namlinda mama. Nikiandika kuhusu gunia lile, nitakuwa nimemwanika mzee wa watu mbele ya kamati ya kiwanda kwa kosa la siku moja ya ugonjwa. Sababu hiyo ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliona aibu kuwa nayo peke yangu, nikaenda kumweleza mwenyewe. Alikuwa ameketi nje akichagua maharagwe.

"Lile gunia?" akasema. "Nilishalitolea ushuhuda kanisani."

Nikauliza lini. Akasema nilikuwa bado chuoni. Akasema tena ilikuwa mara mbili, na mara ya pili ni akina mama waliomwomba, kwa sababu walikuja wageni kutoka Sosiot ambao hawakuwa wameusikia.

Niliketi kwenye jiwe. Kwa hiyo siri yangu ilikuwa imetembea makanisani pamoja na sadaka. Senge wangu aliijua alipokuwa akinipongeza kwa kuacha kazi kwa ujasiri. Mke wa mzee wa kanisa aliijua. Waliokuwa hawaijui ni mume wangu, waajiri wangu na watoto wa shule.

Nikamwuliza mama mbona hakuniambia.

"Wewe ulikuwa unasema uliacha," akajibu, akatupa harage bovu kwa kuku. "Nikasema, wacha, atachoka."

Basi nikaandika barua ya pili. Ilikuwa ukurasa mmoja, na haikuwa na sifa hata moja kati ya zile saba. Nilieleza gunia la kwanza lilivyopita na lori likamwagwa. Nilieleza gunia la pili: mikono miwili ndani, swali moja, jibu moja, na jinsi karani alivyolibeba lililokataliwa mpaka nyumbani. Niliandika kwamba tangu siku hiyo lori la kituo chetu halijawahi kurudishwa, na kwamba simjui hata mkulima mmoja aliyekataliwa majani na mama huyu akahama foleni yake. Nilijivunia barua hiyo. Nilikuwa nimesema kweli yote, ila mahali pamoja padogo. Yule aliyelipitisha gunia la kwanza nilimwita "karani aliyemtangulia".

Niliipeleka Jumatatu. Alhamisi asubuhi, nikiwa jikoni nasafisha sukuma wiki, simu ililia. Namba sikuijua. Mwanamume alijitambulisha kuwa afisa wa wafanyakazi kiwandani, akaomba radhi kwa kunisumbua, akasema kamati imemwachia yeye jambo hili alimalize leo.

"Madam, nina barua yako hapa. Huyu karani aliyetangulia, tunaweza kumpata? Huyu mama hana cheti, na hii hadithi ndiyo tuko nayo. Ningetaka kuisikia kwa huyo mwenyewe."

Nitakiri pia nilichofikiria, maana tumeshazoea. Nilifikiria kumuua yule karani. Ingekuwa rahisi: ajali ndogo barabara ya Sotik, zamani sana, Mungu amlaze pema. Au angehamia Kanada. Kupitia dirishani nilimwona mama yangu akivuka shamba polepole na fimbo yake, akisimama kila baada ya mistari miwili ya chai kana kwamba anaikagua, kumbe anapumua.

"Unaongea naye," nikasema.

Upande wa pili nilisikia sauti ya kiti.

"Wewe si ndiye ulizungumza na wasichana shuleni muhula uliopita? Binti yangu alikuwa hapo. Alirudi nyumbani akasema yeye pia ataacha kazi afuate ndoto. Nikamwambia, mama, wewe hata kazi huna."

"Mwambie nilifukuzwa."

"Nitamwambia." Nilisikia akigeuza karatasi. Hakuwa akicheka. "Na hiyo siku, lile gunia la kwanza. Uliweka mkono?"

Mikono yangu ilikuwa na maji ya sukuma, na simu ilikuwa ikiniteleza sikioni.

"Niliweka vidole."

Aliandika kitu, muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Kisha akaniomba nisimwambie mama karani chochote, kwa sababu anataka kumpigia mwenyewe, aje Jumatatu saa mbili.

"Aje na koti lake," akasema. "Makarani wapya wako wanane, na wote wanaweka vidole."